Filamu za Krismasi zisikwepe upweke

Filamu za mapenzi za Krismasi nazipenda, na nitazitetea mbele ya yeyote anayeziita upuuzi. Lakini nyingi za siku hizi zinanichosha kabla ya nusu saa kwisha. Tangu chaneli ya Hallmark ya Marekani ianzishe msimu wake maalumu wa Krismasi mwaka 2009, kisa kimekuwa kilekile: dada mwenye kazi nzuri jijini anarudi kwenye mji mdogo alikokulia, anakutana na mwanamume mpole mwenye shati la drafti, na mkesha ukifika kazi ameshaiacha. Nyingi hurekodiwa Kanada, mara nyingi wakati wa joto, kwa theluji ya bandia. Theluji hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba humo ndani hakuna anayeumia kweli.

Itazame While You Were Sleeping ya mwaka 1995. Lucy, anayeigizwa na Sandra Bullock, anafanya kazi kwenye kibanda cha nauli cha treni za Chicago. Baba yake amefariki na ndugu hana. Bosi anamwomba aingie kazini siku ya Krismasi kwa sababu wenzake wote wana familia. Mimi ni muuguzi, na ombi hilo nalijua. Desemba ikifika, wenzangu wa Moshi wameshakata tiketi za basi, na metroni ananiita pembeni: "Sista, wewe huna watoto, utatusaidia tarehe 25." Anasema kwa upole kabisa, na umjibu nini wakati ni kweli? Unavaa sare, unawatakia wagonjwa na ndugu zao heri ya Krismasi kutwa nzima, kisha unarudi kwenye chumba ambacho hakuna aliyekigusa tangu ulipotoka.

Kwa hiyo Lucy anapodhaniwa kuwa mchumba wa mwanamume aliyemwokoa relini, ambaye sasa amelazwa hospitalini, naye anashindwa kuwaambia wazazi wa mgonjwa ukweli, mimi namwelewa. Wamemkaribisha nyumbani, wamemtundikia soksi ya zawadi yenye jina lake. Anaipenda familia nzima kwanza. Mapenzi na Jack, ndugu wa mgonjwa, yanakuja taratibu. Uso wa Bullock anapoiona ile soksi una uzito kuliko mabusu yote ya filamu za Hallmark nilizowahi kuona.

Love Actually ya Richard Curtis, ya mwaka 2003, ndiyo inayonigawa. Karen, yaani Emma Thompson, amekuta mkufu kwenye mfuko wa koti la mumewe. Zawadi zinapofunguliwa, yeye anapata CD ya Joni Mitchell, na hapo anajua mkufu ni wa mwanamke mwingine. Anaingia chumbani, analia, anafuta machozi, ananyoosha shuka, anatoka na tabasamu kuwapeleka watoto kwenye igizo la shule. Nimewaona wanawake wakifanya hivyohivyo kwenye korido za wodi.

Halafu filamu hiyohiyo inatutaka tumhurumie kijana anayekuja mlangoni na mabango kumtangazia mapenzi mke wa rafiki yake, mwenye nyumba akiwa ndani. Wengi wanaiona sehemu hiyo tamu. Mimi naona rafiki anayesalitiwa kwenye kizingiti chake mwenyewe. Ningepewa mkasi, ningeikata yote, dakika zake nikampa Karen.