"Pole" na Jibu Lake



Miongoni mwa maneno tuyatamkayo kila siku bila kuyapima ni "pole". Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni hulidhani kuwa ni ombi la msamaha, akashangaa: mbona huyu ananipa pole, ilhali si yeye aliyenikwaza? Hajui kwamba msamaha una maneno yake. Asemaye pole hakiri kosa. Akiri kwamba ameuona mzigo wa mwenziwe. Ndiyo maana twasema pole na safari, pole na kazi, pole kwa homa, pole kwa msiba.

Tazama jamaa za neno hili: mpole, upole, polepole. Yote yabeba utulivu. Jirani zetu Wajaluo wa Rorya, ng'ambo ya mwambao wetu kuelekea mpaka wa Kenya, wana neno "mos", nalo latumika kwa pole na kwa polepole vilevile. Na hapa kwetu aliyepewa pole hujibu: "Ahsante, nimeshapoa." Yaani, kilichokuwa cha moto kimepoa.

Lakini je, moto huo hupozwa na neno tupu? Siku hizi msiba ukitangazwa katika kundi la WhatsApp la msikiti, pole humiminika kabla ya adhana inayofuata, na huku nyumba ya mfiwa yaweza kukosa hata wa kuteka maji. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Hiyo ndiyo taazia yenye mikono.

Wala tusingoje msiba. Wapo waume wanaompa pole na kazi kinyozi, kondakta wa daladala na mvuvi. Lakini wakifika nyumbani, mke aliyeshinda Mwaloni Kirumba akiuza dagaa, kisha akarejea jikoni, hupokewa kwa swali: chakula kiko tayari?

Ndugu yangu, mwanzie huyo kwa pole, kisha ushike ndoo au umpokee mtoto mgongoni. Hapo akikujibu kwamba ameshapoa, atakuwa amesema kweli.

Wabillahi tawfiq.