"Mtoto mzito" apimwe kwanza macho na masikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu watoto ambao sisi walimu na wazazi tumezoea kuwaita "wazito". Kila shule inao. Mtoto yuko Darasa la Tatu, wenzake wanasoma hadithi, yeye bado anahangaika na silabi. Shuleni anahamishiwa dawati la nyuma ili asiwacheleweshe wengine. Nyumbani baba anasema huyu hana kichwa cha shule, afadhali akachunge mbuzi. Hapo masomo ya mtoto yamekwisha, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama anauona ubao.

Hoja yangu ni moja. Mtoto asiitwe mzito kabla hajapimwa macho na masikio, na kabla mwalimu na mzazi hawajakaa pamoja kutafuta kinachomsumbua.

Nafundisha shule ya msingi ya kijijini huku milimani Usambara. Miezi ya Juni na Julai ukungu hutufikia hadi madirishani, na darasa lisilo na umeme huwa na giza asubuhi. Mtoto mwenye uoni hafifu hapo haoni kitu. Mwingine sikio linatoka usaha tangu utotoni, maneno ya mwalimu anayapata nusu nusu. Mwingine ana kifafa, na wenzake wanaogopa kukaa naye. Mwingine kwao wanazungumza Kisambaa tu, Kiswahili anakutana nacho darasani; huyo anajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja. Wapo pia ambao akili yao hukua polepole, nao hujifunza wakipewa muda na vitu vya kushika. Watoto wote hawa huitwa jina moja, wakati kila mmoja ana haja yake. Na hakuna hata mmoja anayeponywa kwa fimbo.

Wapo wasemao kwamba kazi hiyo ni ya shule maalumu. Sisi wa Lushoto tunazifahamu shule hizo, maana pale Irente Kanisa la Kilutheri lina shule ya watoto wasioona, na nyingine ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Taifa letu halikuanza jana: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Nazipongeza shule hizo kwa moyo wote. Lakini haziwezi kuchukua kila mtoto, na wala si kila mtoto anazihitaji. Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja hahitaji bweni la mbali na mama yake. Anahitaji kukaa mbele, na mwalimu amgeukie anaposema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, na watoto wengi wamekuja. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kuandikwa jina kwenye daftari la mahudhurio si kusoma. Mtoto anaweza kuhudhuria miaka saba akiwa dawati la nyuma, akatoka hajui kuandika jina lake.

Najua walimu wenzangu watauliza: darasa limejaa, nitamshughulikia nani? Swali hilo ni la haki, na Serikali iendelee kutuletea walimu, hasa waliosomea elimu maalumu. Lakini kumkalisha mtoto mbele hakuna gharama. Kuandika herufi kubwa ubaoni hakuna gharama. Kusimama nyuma ya mtoto ukamwita kwa sauti ya chini, uone kama atageuka, ni kazi ya dakika moja. Asipogeuka, mzazi aambiwe ampeleke zahanati.

Wazazi nao wasiseme hawakusoma, kwa hiyo hawana msaada. Mama anayechambua maharage anaweza kumwambia mtoto ayahesabu kumi kumi. Baba anaweza kumwambia asimulie alichofundishwa leo, kwa Kisambaa au kwa Kiswahili, na amsikilize hadi mwisho bila kumcheka. Na mwenye mtoto mlemavu asimfiche ndani kwa kuona haya. Anayefichwa akiwa na miaka sita atakuwa mzigo wa ndugu zake akiwa na miaka thelathini, na kosa halitakuwa lake.

Kwa hiyo natoa wito kwa halmashauri zetu. Kila Januari tunapopokea watoto wa Darasa la Kwanza, mganga au muuguzi wa zahanati iliyo karibu apangiwe siku ya kufika shuleni awapime wote macho na masikio. Majibu yaandikwe, nakala moja abaki nayo mwalimu wa darasa, nyingine apewe mzazi. Asiwepo mtoto atakayekataliwa kwa sababu ya majibu hayo. Kazi yake iwe kutuonyesha akae wapi na asaidiwe vipi. Kamati ya shule iulize habari zake katika kila kikao, kama inavyouliza habari za madawati na vyoo.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kijijini,
Lushoto, Tanga.