Maongezi ya Nyumbani: Neno Lifungalo Akili ya Mtoto

Mwezi huu nataka tuongee habari ya maneno tunayowaambia watoto, nyumbani na shuleni, juu ya akili zao. Wazee wetu walisema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Tena walisema, "Maneno makali hayavunji mfupa." Methali ya kwanza naikubali bila shaka. Ya pili naikubali pia, kwa kuwa ni kweli mfupa hauvunjiki. Lakini yako mengine ndani ya mtoto yawezayo kuvunjika. Hayo nimeyajua kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitawasimulia kwanza.

Katika darasa nililofundisha zamani palikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Siku moja nalimwita ubaoni afanye hesabu ya kugawanya. Alipokuwa akiinuka nikasema, kwa mzaha tu, "Haya, na tuone, ijapokuwa hesabu na wasichana hazipatani." Wavulana wakacheka. Binti akashika chaki, akasimama mbele ya ubao kama mtu aliyepotewa na njia ya kwao. Akaandika tarakimu moja, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta nayo. Hata mwisho nikamwambia akaketi, nami nikafikiri moyoni: nilisema kweli.

Jumamosi yake nikapita sokoni, nikamkuta binti yule yule mezani pa mama yake, akiuza maandazi. Nikanunua kumi na mawili, kila moja shilingi 150, nikatoa noti ya shilingi 5,000. Kabla sijafunga mfuko wangu amekwisha nihesabia chenji, shilingi 3,200, wala hakukosea. Na huku alikuwa akimjibu mnunuzi mwingine aliyeuliza bei. Nikaondoka na maandazi yangu na aibu yangu. Maana akili ya hesabu alikuwa nayo. Basi ni nani aliyeifunga siku ile ubaoni?

Tangu hapo nimejitahidi kusoma yale yaliyoandikwa na wataalamu juu ya jambo hili. Mtu asemapo, "Wasichana hawawezi hesabu," au, "Watu wa kabila fulani ni wazito wa kuelewa," hamhukumu mtu mmoja kwa kazi yake. Alihukumu kundi zima, kisha humvika hukumu hiyo kila aliyezaliwa ndani ya kundi hilo. Wataalamu wameuliza: je, hukumu ya namna hii yaweza kupunguza kazi ya akili ya mtu, hata kama yeye mwenyewe haiamini?

Mwaka 1995 wataalamu wawili, Claude Steele na Joshua Aronson, walitoa habari za majaribio yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani. Waliwapa wanafunzi weusi na weupe maswali magumu ya lugha. Wengine waliambiwa kwamba maswali hayo yapima uwezo wa akili yao. Wengine waliambiwa kwamba ni zoezi tu la kuchunguza jinsi watu wanavyofumbua maswali. Maswali yalikuwa yale yale. Lakini wanafunzi weusi walioambiwa kwamba akili zao zapimwa walifanya vibaya kuliko wenzao weusi walioambiwa kwamba ni zoezi. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika nchi ile imekuwako dhana ya siku nyingi kwamba mtu mweusi ni hafifu wa akili, nao waijua. Kila mmoja aliogopa kwamba akikosea swali moja, watu watasema, "Si tulisema?"

Jaribio lililonigusa zaidi lilifanyika vijijini katika jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini ya India, na Karla Hoff na Priyanka Pandey walichapisha habari zake mwaka 2006. Huko watu wamegawanyika katika matabaka ya kuzaliwa, na walio wa chini wamedharauliwa karne nyingi. Wavulana wa darasa la sita na la saba, wa tabaka la juu na wa tabaka la chini, waliwekwa pamoja, wakapewa karatasi zilizochorwa njia za kupindapinda. Kila mmoja alitakiwa kutafuta njia ya kutokea, na kwa kila mchoro alioumaliza alilipwa fedha kidogo. Pale ambapo tabaka halikutajwa, watoto wa chini walifanya sawa na wa juu. Katika makundi mengine msimamizi alianza kwa kusoma mbele ya wote jina la kila mtoto, na la baba yake, na la babu yake, kisha tabaka lake. Hakuna aliyetukanwa, wala hakuna aliyepigwa. Hata hivyo kazi ya watoto wa tabaka la chini ilishuka waziwazi. Tena wachunguzi walipoingiza kura katika mambo ya malipo, tofauti ile ikatoweka. Wakaona kwamba watoto wale, tabaka lao likiisha kutangazwa, hawakutazamia haki kwa mwanadamu awapimaye. Lakini kura haimtazami mtu uso.

Labda mtauliza jambo hili hufanyikaje ndani ya kichwa cha mtoto. Jibu lilitoka vinywani mwa watoto wenyewe, katika mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa, Marekani. Mwalimu wao, Jane Elliott, alianza somo lake mwaka 1968, siku ya pili baada ya Martin Luther King kuuawa. Aliwagawa watoto wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, akasema kwamba wenye macho ya rangi moja ni bora kuliko wengine. Baadaye akageuza. Walioitwa hafifu walifungwa kitambaa shingoni ili watambulikane. Mwaka 1970 somo hilo lilipigwa picha za sinema. Wenye macho ya kahawia, siku walipoitwa hafifu, walichukua dakika tano na nusu kumaliza kadi zao za kusoma. Siku ya pili, walipoitwa bora, kadi zile zile walizimaliza kwa dakika mbili na nusu. Mwalimu alipowauliza sababu, walisema kwamba jana yake walikuwa wakifikiri habari ya vile vitambaa vya shingoni.

Hilo halikuwa jaribio la wataalamu, tena wengi wamelilaumu kwa kuwahuzunisha watoto wadogo. Nami simshauri mwalimu yeyote aliige. Lakini jibu lile la watoto lina mafundisho. Akili ya mtu yaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mtoto asiye na hofu huitumia yote kwa hesabu iliyo mbele yake. Mtoto mwenye kitambaa shingoni huigawanya: sehemu kwa hesabu, na sehemu kwa kuwatazama wanaomtazama. Binti yule wa maandazi sokoni hakuwa na kitambaa. Ubaoni nalimfunga mimi.

Yanipasa kusema kweli yote, nisije nikawapoteza. Wataalamu hawapatani juu ya ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2018 wachunguzi wa Uholanzi walitoa habari ya jaribio la wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shule za sekondari, nao hawakuona kwamba kuwakumbusha wasichana dhana ile kuliwapunguzia alama za hisabati. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba neno peke yake ndilo liangushalo watoto wote. Mtoto mwenye njaa ataanguka, na asiye na kitabu ataanguka, na ambaye mwalimu wake haonekani darasani ataanguka, hata akisifiwa kutwa. Lakini jaribio la mchana mmoja ni jambo moja, na neno analolisikia mtoto kila siku kwa miaka kumi, kwa baba, kwa jirani na kwa mwalimu, ni jambo jingine.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Marekani na India tu. Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa serikali mjini Nairobi, aliandika katika jarida la Uingereza juu ya bongo za wenyeji wa Kenya, akidai kwamba ni pungufu kuliko za Wazungu. Madai hayo sayansi imekwisha kuyatupa. Sote twachukia kusikia neno hilo likisemwa juu yetu. Mbona basi twalisema wenyewe juu ya jirani wa kabila jingine, na juu ya binti zetu, na juu ya mtoto wa mke mwenza?

Basi nawatolea mashauri manne.

La kwanza: Sahihisha kazi, usimhukumu mtu. Sema, "Hapa umesahau kubeba moja." Usiseme, "Wewe mjinga kama wajomba zako."

La pili: Usimkumbushe mtoto kundi lake aingiapo katika mtihani, hata kwa kumsifu. Asemaye, "Kabila letu ni werevu," amemfunga kitambaa kile kile, ila cha rangi nyingine. Naye mtoto akikosea siku hiyo, ataona kwamba amewaaibisha watu wote wa kwao.

La tatu: Mwambie mtoto kwamba kazi ngumu humtaabisha kila mtu mwanzoni, hata mwalimu wake, na kwamba taabu hiyo si dalili ya upumbavu.

La nne ni lako, mwalimu mwenzangu: Sahihisha karatasi bila kutazama jina. Ukifanya hivyo utakuwa kama kura ile ya India, na watoto watajua.

Nanyi mwataka kujua habari za binti yule. Jumatatu iliyofuata nalisimama mbele ya darasa nikakiri kwamba nalisema uongo, nikamwomba radhi. Nikamwita ubaoni, nikitumaini kwamba sasa ataweza. Hakuweza. Akaandika, akafuta, akaketi. Kuliondoa neno lile kulituchukua muhula mzima, naye akafanya mazoezi pamoja nami kila alasiri, hata siku moja akagawanya ubaoni mpaka mwisho bila kugeuka kuwatazama wavulana. Nalilisema neno lile kwa pumzi moja. Kulitoa kulitaka miezi mitatu.

Leo jioni, mkiisha kula, ulizaneni nyumbani mwenu: ni neno gani tumezoea kumwambia huyu, na huyu, juu ya akili yake? Nao watoto wapeni nafasi ya kujibu kwanza.

Mimi ndugu yenu,
Katekista