Hali ngumu inachelewesha, jina baya linaua

 

Huku mabwenini siku hizi mada haiishi: Windows. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye laptopu ana la kusema. Ukiuliza watu kwa nini hawahamii Windows 11 unapata majibu mawili tu. Wa kwanza anakwambia "hela hakuna". Wa pili anakwambia "Windows 11 mbovu bwana, mshkaji kaniambia". Na wengi wanayasema yote mawili kwa pumzi moja kama vile ni kitu kimoja. Mi naona ni vitu viwili tofauti kabisa, na kuvichanganya kunatuumiza, hasa sisi wa Songwe. Ngoja nieleze.

Turudi nyuma kidogo. Windows Vista iliingia madukani Januari 2007. Uchumi wa dunia ulikuwa bado umesimama, benki ya Lehman Brothers ilikuja kuanguka Septemba 2008. Kwa hiyo Vista haikuanza kukataliwa kwa sababu ya ukata. Ilikataliwa kwa matendo yake: ilikula memori, draiva za printa nyingi ziligoma, na kila ukigusa kitu inakuuliza kama una uhakika. Kule Marekani kuna kompyuta ziliuzwa na stika ya kwamba zinaiweza Vista, kumbe nyingine zinaliweza lile toleo la chini kabisa tu, watu wakaenda mahakamani. Jina likaharibikia hapo.

Sasa angalieni hii. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, dunia ikiwa bado inauguza mtikisiko wa uchumi. Hata hapa kwetu, mwaka huo huo serikali ya Kikwete ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7. Kama hela ndo kila kitu, Windows 7 ingedoda. Haikudoda. Ndani ya mwaka mmoja Microsoft walisema wameshauza leseni milioni 240. Na cha kuchekesha ni kwamba ilijengwa juu ya msingi ule ule wa Vista!

Najua kuna mtu atasema: makampuni yalikuwa yameiruka Vista, mashine zao zimechakaa, ilikuwa lazima wanunue tu. Ni kweli, na ndo ninachosema. Ukata ulisogeza tarehe ya kununua mbele. Lakini tarehe ilipofika, watu walichukua chenye jina zuri.

Microsoft wenyewe walilijua hilo. Mwaka 2008 walichukua watu waliokuwa wanaiponda Vista, wakawaonyesha "mfumo mpya" unaoitwa Mojave. Watu wakausifia. Halafu wakaambiwa: hii ni Vista. Sawa, lilikuwa tangazo la biashara, na hao watu hawakupewa wakae nayo nyumbani mwezi mzima. Lakini kufikia wakati huo Vista ilikuwa imesharekebishwa mambo mengi, na jina lilibaki pale pale lilipoangukia 2007.

Tuje Tunduma sasa. Kwetu uchumi ni mpaka. Mpaka ukisimama, hata muuza maandazi anajua. Tarehe 11 Mei 2020 Zambia ilifunga upande wa Nakonde kwa sababu ya korona, na hata ulipofunguliwa kwa mizigo siku chache baadaye biashara haikurudi kama zamani. Mwaka huo huo kwacha ikaporomoka, na Novemba Zambia ikashindwa kulipa deni lake la nje. Mzambia akiwa na kwacha nyepesi, duka la Tunduma linapungukiwa mteja. Halafu 2023 na 2024 dola ikaadimika nchini, kutoka kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 hadi kupita 2,600 katikati ya 2024. Laptopu za mtumba tunazonunua zinaagizwa kwa dola. Mwenye steshenari ya chumba kimoja hawezi kubadili mashine katika hali hiyo, na wala asilaumiwe.

Ndo maana mfumo mpya haufiki kwetu kwa tarehe ya Microsoft. Unafika ndani ya mashine ya mtumba, miaka kadhaa baada ya Ulaya kuichoka. Na Windows 11 imekaza zaidi: inataka chipu ya ulinzi ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. HP EliteBook 840 G3, ambayo ni kizazi cha 6, haimo kwenye orodha yao. 840 G5 imo. Mwenye G3 akisema "hela hakuna" anasema ukweli mtupu.

Lakini mwenye G5 je? Yeye kuhama ni bure, anahitaji bando tu. Huyu haruhusiwi kujificha nyuma ya ukata. Huyu anasumbuliwa na jina. Na jina huku kwetu linatengenezwa na fundi. Ukienda kupiga window, fundi anakuwekea kilichopo kwenye flashi yake na anakwambia "hii ndo imara". Simlaumu sana, mteja akirudi analalamika hasara ni yake. Ila hukumu yake mara nyingi ni ya toleo la kwanza kabisa alilolijaribu siku moja, na sisi tunaibeba miaka mitano.

Ushahidi mkubwa kwamba bei peke yake haitoshi ni Linux. Ni bure, na inakubali mashine za zamani. Kwa hali zetu ingetakiwa ijae kila steshenari kuanzia Tunduma hadi Vwawa. Tena kulikuwa na mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Bure, na kwa lugha yetu! Waulize wanachuo kumi leo kama wanaijua. Linux imebaki na jina la "kitu cha mahaka", basi mtu wa kawaida haigusi.

Kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta duniani kote na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikakwama. Kinga yake Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Sisi tunazima masasisho ili kuokoa bando, halafu kwenye mashine hiyo hiyo kuna ripoti ya fildi, utafiti wa mwaka wa mwisho na akaunti ya benki linakoingia bumu. Wakala wa forodha pale mpakani ana nyaraka za mizigo ya watu. Mfumo ambao hauhudumiwi tena ni mlango ambao fundi wa kitasa ameshahama mji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza angalia prosesa yako kabla hujasema hela hakuna. Kama inakubali, hamia, hata kwa kuvizia bando la usiku. Kama haikubali na Windows 10 yako ni halali, Microsoft waliweka mpango wa masasisho ya ulinzi hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo weka Linux Mint kwenye flashi na uijaribu bila kufuta kitu, ndo useme ni mbovu.

Kukosa hela ni sababu, na haina aibu. Lakini "mshkaji kaniambia" sio sababu. Huyo mshkaji naye aliambiwa.