Nshomile, Umesoma Nini cha Kwenu?

Mhaya hutaniwa kwa neno moja: Nshomile. Maana yake kwa Kihaya ni "nimesoma", na watani wetu nchi nzima hulitumia kutucheka kwa majivuno ya elimu. Mimi niliyepanga vitabu kwa miaka mingi katika maktaba ya shule wilayani Muleba silikatai neno hilo. Nina swali moja tu kwa mwenye kulivalia kilemba: umesoma nini cha kwenu?

Siku moja mwanafunzi wa darasa la nne alinijia akitaka kitabu chenye hadithi anazosimuliwa na bibi yake. Nilijua kitabu cha namna hiyo kipo. Peter Seitel alikusanya hadithi za Wahaya, akazichapisha mwaka 1980 katika See So That We May See, jina lililotokana na itikio la wasikilizaji wa hadithi zetu: ona, ili nasi tuone. Nakipenda kitabu hicho kwa kuwa mwandishi wake hakuikausha hadithi. Aliyapanga maneno mistari mistari, hata pumzi ya msimulizi ikasikika karatasini. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza. Hadithi imetoka kinywani mwa bibi, imevuka bahari, imechapwa Marekani, na leo si bibi wala mjukuu awezaye kuisoma. Nilimpa mtoto yule kitabu cha hadithi za kwingineko, akashukuru, akaenda zake. Aibu ilibaki kwangu.

Tazama, ndugu msomaji, vitabu vingine ninavyovienzi. Kiziba: Land und Leute cha Hermann Rehse, cha mwaka 1910, ni cha Kijerumani. Bara Bukoba cha Bengt Sundkler, juu ya kanisa na jamii yetu, kimetufikia kwa Kiingereza. Historical Archaeology cha Peter Schmidt, cha mwaka 1978, kinaonyesha jinsi masimulizi ya wazee wa Katuruka yalivyomwongoza mchimbaji hadi kwenye mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Nacho ni cha Kiingereza. Francis Lwamgira aliandika Amakuru ga Kiziba kwa Kihaya, lakini vijana wangapi leo wanaweza kusoma ukurasa mzima wa Kihaya bila kukwama? Hata nanga, tendi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi iliyochongwa katika ubao, zilifanyiwa utafiti mkubwa na mwana wa Kagera mwenyewe, Mugyabuso Mulokozi, na tasnifu yake ya mwaka 1986 ni ya Kiingereza. Simlaumu. Chuo kilidai hivyo. Nawalaumu waliokuja baadaye, wakaridhika kuwa kazi imekwisha.

Wapo watakaonijibu kuwa Wahaya ni wasomi, Kiingereza hakiwashindi. Jibu hilo ni la mtu aliyesahau alikotoka. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mkulima wa migomba wa Kamachumu akipumzika jioni, gazeti lake ni la Kiswahili. Kitabu kisichowafikia hawa wawili kinatuhusu, lakini bado hakijawa chetu.

Wengine watasema kuwa kudai vitabu vya kwetu ni ukabila. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Je, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka imewagawa Watanzania? Imewapa wote kisiwa kizima: ndoa zake, dawa zake, uvuvi wake. Mimi humpa kila mtu mzima wa Muleba anayeniomba riwaya nene, kwa kuwa Kikerewe ni ndugu wa Kihaya, na masimulizi ya Wakerewe yanasema watawala wao, Wasilanga, walitoka Ihangiro, yaani huku huku kwetu. Mulokozi naye alitunga tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, kisha akawaandikia watoto Ngome ya Mianzi juu ya vita hivyo hivyo vya Wahehe na Wajerumani. Mhaya akiandika ya Uhehe tunamwita mzalendo. Kwa nini akidai ya Ihangiro yaandikwe kwa Kiswahili aitwe mkabila?

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zitafitiwe, zihifadhiwe na kutafsiriwa. Ruhusa tunayo, kilichokosekana ni haya ya kutenda. Wasomi wetu walioko Dar es Salaam na ng'ambo huchangishana kwa harusi na misiba bila kusukumwa. Wachangishane mara moja kwa kitabu: tendi za nanga, Kihaya ukurasa wa kushoto, Kiswahili ukurasa wa kulia. Hadithi alizokusanya Seitel zirudi nyumbani kwa Kiswahili cha watoto, kwa ridhaa ya wenye haki. Kitabu cha Lwamgira kipate mfasiri kabla wazee wanaojua maneno yake magumu hawajatutoka.

Na Kiswahili chenyewe kitafaidika. Lugha iliyolelewa pwani kwa utenzi na shairi haitapungua kitu kwa kumpokea Mugasha, bwana wa ziwa, na tufani zake. Itaongezewa maji.

Mtoto yule wa darasa la nne sasa ni kijana. Huenda naye anaitwa Nshomile huko aliko, na anacheka. Nami ningali na deni la kitabu chake. Wasikilizaji wa bibi yake huitikia: ona, ili nasi tuone. Wasomi wetu wameona. Waliobaki wanangoja.