Kipya Kinyemi



Juma hili twaanza kwa kukiri kosa kabla ya kuusia, kwani jambo tutakalolieleza limetufika sisi wenyewe, na ndani yake tulimdhulumu mtoto wetu.

Hapa kwetu Umoja, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tunayo kompyuta ya mezani iliyopita miaka kumi. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mama watoto huweka humo hesabu za chama chao cha akina mama, binti yetu wa kidato cha tatu huandika kazi za shule, na sisi huandika makala haya. Mwaka jana ikaanza kuzorota. Tukiiwasha, huenda tukatia udhu, tukasali, tukarudi, na kijiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Tukamwita binti, tukamkemea kwamba ameijaza michezo na filamu. Akajibu, "Wallahi baba, sikuweka kitu." Hatukumsadiki. Tukamkataza kuigusa. Ikawa akitoka shuleni hupitia saiba kufanya kazi zake, na siku nyingine hurudi giza limekwisha kuingia. Wakati huohuo tulikuwa tumekwisha kuchukua fomu ya mkopo ili tununue mpya.

Kabla hatujatia sahihi, mama watoto akatushauri tumwite kijana mmoja fundi, jirani yetu. Aliikagua kwa muda wa robo saa, kisha akasema, "Sheikh, mtoto hana kosa. Mashine ni ileile, mzigo ndio uliozidi." Akatuonyesha kwamba mfumo wa uendeshaji ulikuwa umesasishwa kuwa toleo jipya, na aliyebonyeza kitufe cha kukubali ni sisi wenyewe, pasipo kusoma. Tena palikuwa na programu tisa zilizojiwasha zenyewe kila tuwashapo kompyuta.

Akina mama watalifahamu jambo hili upesi kwa mfano wa jikoni. Kompyuta ina memori, nayo ni kama meza ya kupikia, na ina diski, nayo ni kama stoo. Meza ikiwa pana, viungo vyote huwa mbele ya mpishi. Ikiwa ndogo na wageni wakazidi, mpishi hushinda akienda stoo na kurudi, na chakula huchelewa. Mpishi hakuzeeka wala si mvivu. Ni meza iliyomshinda.

Na wageni wamezidi kweli. Mfumo wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, uliweza kufanya kazi kwa memori ya megabaiti 64. Windows 11, uliotoka mwaka 2021, hautaki chini ya gigabaiti 4, yaani mara 64 ya ile ya kwanza, na zote mbili ni kiwango cha chini kabisa. Mwaka 1995 mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal, alikwisha kulalamika kwamba programu huwa nzito kwa kasi ipitayo ile ya mashine kuwa nyepesi. Waandishi wa programu wengi hufanyia kazi mashine mpya zenye nguvu, na uzito huo hawausikii. Tuusikiao ni sisi wa mashine kuukuu.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila kipya ni kibaya. Katika masasisho hayo mna kinga dhidi ya wezi wa mitandaoni. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mfumo usiopata kinga si mahali pa kuwekea siri za benki wala fedha za chama. Basi njia ni ya kati na kati.

Tunawausia haya. Kwanza, hifadhini picha na hesabu zenu mahali pengine, kwa mfano kwenye flashi, kabla fundi hajagusa kitu. Pili, bonyezeni vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtafute orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, na mzizime zile mzijuazo na msizozihitaji. Ile ya kukinga virusi iacheni. Tatu, ulizeni kama memori yaweza kuongezwa, na kama diski ya zamani yenye kuzunguka yaweza kubadilishwa kwa ile isiyozunguka, iitwayo SSD. Aghalabu dawa hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Nne, mashine ikishindwa na Windows mpya, iko mifumo ya bure ya Linux, na baadhi yake ni myepesi. Mmojawapo wa mifumo ya Linux ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Kwa mashine dhaifu sana, mwambieni fundi awachagulie ulio mwepesi zaidi.

Na ikiwa imekufa kabisa, msiitupe pamoja na takataka za nyumbani. Ndani yake mna risasi na sumu nyingine, na sisi wa Eastlands twalijua jaa la Dandora na watoto wanaookota humo. Wapeni wanaokusanya taka za elektroniki.

Kwetu sisi, fundi aliongeza memori na kubadili diski. Gharama haikufika robo ya ule mkopo, na fomu tukaichana. Sasa kompyuta huwaka kabla hatujamaliza kukunja mswala.

Lakini deni lilibaki. Usiku ule tulimwita binti mbele ya mama yake na ndugu zake, palepale tulipomkemea, tukamwambia, "Mwanangu, tulikudhulumu. Tuwie radhi." Akainamisha kichwa, akasema, "Nimesamehe, baba." Mzazi hapungukiwi na heshima kwa neno hilo. Basi mashine ikizembea nyumbani kwako, ewe mzazi, kagua kwanza mzigo wake, ndipo umtazame mtoto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.