Kabla ya Dawa, Uliza Mmea

Mgonjwa atokapo shambani na vipele mikononi, aghalabu tatizo lake hupewa jina moja, "mzio", naye hupewa vidonge vilevile apewavyo aliyeumwa na nyuki. Nashikilia kwamba mazoea hayo hayamtendei haki, kwa kuwa mimea yetu haimdhuru binadamu kwa njia moja.

Tuanze na upupu. Vinywele vya maganda yake vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huchokoza mishipa ya fahamu bila kupitia histamini. Ndiyo maana vidonge vya mzio havileti nafuu kubwa. Lifaalo ni kuviondoa vinywele vyenyewe: usijikune wala kujisugua, bandika plasta ya kunata juu ya ngozi na kuibandua, kisha oga kwa maji mengi. Nguo zifuliwe peke yake.

Mnyaa wa uani una hatari nyingine. Utomvu wake mweupe huunguza hata ngozi isiyo na mzio, na ukiingia jichoni waweza kudhuru uwezo wa kuona. Tiba ya kwanza ni kuosha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa robo saa angalau, ndipo safari ya kwenda hospitali ianze.

Mafuta ya ganda la korosho bichi huunguza, na kwa baadhi ya watu huleta mzio wa kweli. Vipele vya mzio huo huweza kuchomoza baada ya siku moja au mbili, mgonjwa akiwa amekwisha kuisahau kazi aliyoifanya. Utomvu wa mwembe, mti wa ukoo huohuo, waweza kumdhuru vivyo hivyo. Mbangua korosho wa Mtwara asipoulizwa kazi yake atapewa dawa ya kupaka, na kesho atalirudia ganda lilelile bila glavu.

Wapo watakaosema kuwa foleni ni ndefu na muda haupo. Lakini maswali ni matatu tu: Ulishika mmea gani? Lini? Ulinawa kwa nini? Hayo hayazidi dakika moja. Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Utaje mmea kwa jina unalolijua. Mwenye shamba anaujua upupu wake kuliko daktari, na kinga ya kesho hutegemea ujuzi huo.